Mtoto Mkosaji Alale Wapi, na Nani Alipe?

Jioni ya tarehe 8 Juni, 1964, mama mmoja wa jimbo la Arizona, katika nchi ya Marekani, alirudi kutoka kazini asimkute mwanawe nyumbani. Kijana huyo, Gerald Gault, alikuwa na umri wa miaka 15. Mama alimtuma mwanawe mkubwa akamtafute kwa jirani, na huko ndiko ilikopatikana habari kwamba polisi wamekwisha kumchukua tangu asubuhi. Hapakuwa na barua iliyoachwa mlangoni, wala mtu aliyetumwa kuwaarifu wazazi. Alishtakiwa kwamba yeye na mwenzake walimpigia simu mwanamke mmoja jirani wakamwambia maneno ya aibu.

Kesho yake aliletwa mbele ya hakimu wa watoto. Mwenye kushtaki hakufika. Hakuna shahidi aliyeapishwa, hakuna karani aliyeyaandika yaliyosemwa, na mtoto hakuwa na wakili. Baada ya juma moja hakimu aliamuru apelekwe katika shule ya jimbo ya kurekebisha tabia, akae huko mpaka atimize miaka 21 ikiwa hataachiliwa mapema. Lau kosa lile lingalitendwa na mtu mzima, sheria ya Arizona ilitaka faini ya dola 5 mpaka 50, au kifungo kisichozidi miezi miwili. Mtoto aliwekewa miaka sita.

Wazazi hawakukubali. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 15 Mei, 1967, majaji walitoa hukumu iliyoandikwa na Jaji Abe Fortas. Walisema kwamba mtoto anayeweza kunyimwa uhuru wake ana haki ya kuambiwa mapema ameshtakiwa nini, haki ya kuwa na wakili, haki ya kuwauliza maswali mashahidi wanaomshtaki, na haki ya kunyamaza asijitie hatiani kwa kinywa chake mwenyewe. Hukumu hiyo yasomwa hata leo katika vyuo vya sheria.

Lakini mahakama hutoa hukumu, haitoi fedha. Wakili ataka mshahara. Nyumba ya kuwaweka watoto mbali na wezi wakubwa yataka kujengwa, na ofisa wa probesheni, yaani yule anayemtembelea mtoto kwao na kumwangalia badala ya kufungwa, ataka gari na mafuta. Tangu siku hizo, swali la wapi mtoto mkosaji alale limejibiwa na daftari la hesabu mara nyingi kuliko kitabu cha sheria, na mwenye kutaka kufahamu jinsi Serikali ya Marekani ilivyojaribu kutengeneza mambo ya watoto hawa hana budi kulifuata daftari hilo.

Kwanza msomaji ajue kwamba katika nchi ile mahakama za watoto si mali ya Serikali Kuu iliyoko Washington. Ni za majimbo, na ndani ya majimbo ni za wilaya, ambazo kila moja ina korti yake na hazina yake. Mahakama ya kwanza ya watoto ilifunguliwa mjini Chicago mwaka 1899 kwa sheria ya jimbo la Illinois, na majimbo mengine yakafuata kila moja kwa namna yake. Washington haiwezi kumwamuru hakimu wa wilaya amtoe mtoto katika jela ya watu wazima. Iwezalo kufanya ni kumwambia Gavana: fedha hizi hapa, na masharti yake ni haya.

Ndivyo ilivyofanyika mwaka 1974. Seneta Birch Bayh wa Indiana ndiye aliyekuwa mbele katika kuupigania mswada wa Sheria ya Haki kwa Watoto na Kuzuia Uhalifu wa Vijana, na Rais Gerald Ford akautia sahihi tarehe 7 Septemba mwaka huo, huku akisema kwamba hakusudii kuliomba Bunge fedha kupita zile zilizokwisha wekwa katika bajeti ya 1975. Sheria ilizaliwa, basi, na mfuko wake ukiwa mwepesi.

Fedha hizo ni ruzuku. Kila jimbo linalotaka kushiriki hupewa fungu lake kwa kadiri ya hesabu ya watoto walio chini ya miaka 18. Gavana huteua baraza la ushauri, na kati ya wajumbe wake vijana nao wamo. Jimbo huandika mpango wa miaka mitatu, hukagua vituo vyake, na hupeleka ripoti Washington kila mwaka.

Masharti ya kwanza yalikuwa mawili. La kwanza lilihusu yale yanayoweza kuitwa makosa ya utoto: kutoroka shule, kukimbia nyumbani, kuonekana njiani baada ya saa zilizokatazwa, kuwashinda wazazi. Mtu mzima akitenda hayo hakuna askari wa kumkamata. Sheria ilisema kwamba mtoto asifungwe kwa ajili yake. Sharti la pili lilisema kwamba mtoto aliyewekwa mahali pamoja na wafungwa wazima atengwe nao, asiweze kuonana nao wala kusikilizana nao.

Sharti hilo la pili lilikuwa jema katika karatasi. Katika jela ndogo ya wilaya ya mashambani, yenye vyumba vinne au vitano na mlinzi mmoja, njia nyepesi ya kumtenga mtoto ilikuwa kumfungia peke yake katika chumba cha mwisho, mahali ambapo hakuna amwonaye wala amsikiaye, hata akilia usiku kucha. Kwa hiyo mwaka 1980 Bunge liliongeza sharti la tatu, kwamba watoto watolewe kabisa katika jela za watu wazima, ila kwa muda mfupi wa kuandikishwa usiozidi saa sita, na kwa ruhusa fulani zilizoachiwa sehemu za mashambani. Sharti la nne lilihusu rangi. Mwaka 1988 majimbo yaliambiwa yachunguze kwa nini watoto wa makabila yaliyo machache ni wengi mno katika vizuizi kuliko hesabu yao katika nchi, na mwaka 1992 jambo hilo likawekwa sawa na masharti mengine.

Karani ye yote aliyepata kushika hesabu za fedha za serikali atauliza: na asiyetimiza je? Kwa sheria ilivyotengenezwa mwaka 2002, jimbo lililokosa sharti moja hukatwa sehemu moja katika tano ya fungu lake, likikosa mawili hukatwa mbili, na nusu ya fedha zinazobaki hulazimika kutumiwa katika kulirekebisha kosa lenyewe. Tena jimbo lina hiari ya kukataa ruzuku yote. Wyoming, jimbo lenye watu wachache na umbali mrefu kati ya mji na mji, lilikaa nje ya mpango huu miaka mingi.

Fungu lenyewe si kubwa. Majimbo madogo yamekuwa yakipata chini ya dola milioni moja kwa mwaka, na jumla ya ruzuku hii kwa nchi nzima ilishuka kutoka dola milioni 75 mwaka 2010 hadi milioni 55 na nusu mwaka 2015. Ukigawa fedha hizo kwa majimbo yote utaona kwamba haziwezi kujenga wala kuendesha mahakama za watoto. Ziliweza kumlipa mkaguzi anayeingia jela bila kuitwa na kuandika alichokiona, na ziliweza kulipatia baraza la ushauri sauti mbele ya Gavana. Kwa fedha chache hilo ni jambo kubwa, maana jela isiyokaguliwa hujaa watoto bila mtu kuuliza.

Mahakimu wengine walinung'unika. Walisema, ikiwa mtoto ameamriwa na korti aende shule naye akakataa, korti itabaki na nguvu gani? Bunge likawasikiliza, na mwaka ule ule wa 1980 likafungua mlango wa nyuma: mtoto asifungwe kwa kutoroka shule, bali aweza kufungwa kwa kuvunja amri halali ya hakimu iliyomwambia asitoroke shule. Mtoto aliyekuwa amelala kizuizini usiku ule hakuitambua tofauti. Mlango huo haukufungwa kabisa; sheria mpya iliyotiwa sahihi tarehe 21 Desemba, 2018, iliupunguza tu, ikisema kwamba mtoto wa namna hiyo asizuiliwe kupita siku saba. Sheria hiyo hiyo iliyapa majimbo miaka mitatu, yaani mpaka Desemba 2021, kuwaondoa katika jela za wakubwa hata wale vijana walioshtakiwa kama watu wazima, isipokuwa hakimu ameona na kuandika sababu ya kuwaacha.

Isidhaniwe kwamba fedha zenye masharti huvuta upande wa huruma sikuzote. Katika miaka ya 1990 hofu ya vijana wenye bunduki iliijaa nchi, na majimbo mengi yakatunga sheria za kuwapeleka vijana katika mahakama za watu wazima. Kwa mwaka wa fedha wa 1998 Bunge lilitenga dola milioni 250 kwa ruzuku nyingine, kubwa kuliko ile ya zamani, kwa ajili ya kuwafanya vijana wawajibike kwa makosa yao. Ili kuzipata, Gavana alipaswa kuthibitisha kwamba jimbo lake linayo sheria, au linaifikiria, ya kuwashtaki kama watu wazima vijana wa miaka 15 na zaidi waliotenda makosa makubwa ya kuumiza watu. Kamba ilikuwa ile ile. Aliyeivuta ndiye aliyegeuka.

Lakini mambo yaliyo wazi zaidi yalitokea chini ya Washington, kati ya jimbo na wilaya zake. Kwa kuyafahamu, mkulima na afikiri juu ya mashine mbili za kusaga mahindi. Ya kijijini kwake yataka shilingi kwa kila debe. Ya pili iko mbali, ni ya serikali, yasaga karibu na bure, na lori linakuja kuchukua magunia mlangoni. Hata kama unga wa ile ya mbali una mchanga, magunia yatakwenda huko.

Ndivyo ilivyokuwa California. Tangu mwaka 1961 wilaya iliyompeleka kijana katika taasisi za jimbo ilitozwa dola 25 kwa mwezi, ingawa katikati ya miaka ya 1990 kijana huyo aliligharimu jimbo zaidi ya dola elfu mbili kila mwezi. Wilaya iliyoamua kumbakiza kwao, ikamtafutia mwalimu na ofisa wa kumwangalia, ililipa yenyewe. Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bajeti mbele yake, na bajeti ilimwonyesha lori.

California ilikuwa imeliona jambo hili mapema. Kwa sheria ya mwaka 1965 jimbo lilianza kuzilipa wilaya mpaka dola 4,000 kwa kila mkosaji, mtoto au mtu mzima, ambaye zamani wangempeleka kwa jimbo nao sasa wakambakiza. Fedha hizo ziliajiri maofisa wa probesheni, kila mmoja akawa na watu wachache wa kuwaangalia badala ya mlima wa majalada. Mpango ulidumu zaidi ya miaka kumi, kisha ukafa mwaka 1978. Polisi walikuwa wamelalamika kwamba wakosaji wanabaki mitaani. Wilaya nazo zililalamika kwamba bei za vitu zimepanda na dola 4,000 ni zile zile. Wenye kuchunguza jambo hili huyataja manung'uniko ya polisi kwanza. Huenda kosa lililouua mpango lilikuwa lile la pili, kwani ruzuku isiyofuata bei ya soko hupungua kila mwaka ingawa hakuna aliyeikata.

Mwaka 1996 jimbo hilo lilishika njia ya upande mwingine. Ada ya dola 25 ilipandishwa kuwa 150, na kwa vijana wenye makosa yaliyo madogo wilaya ikatozwa nusu ya gharama, au robo tatu, au gharama yote. Wakati huo taasisi za jimbo zilikuwa na vijana wapatao 10,000. Hesabu ilianza kushuka, ikaendelea kushuka kwa sheria nyingine za mwaka 2007 na 2020, hata tarehe 30 Juni, 2023, idara ile ya vijana ikafungwa kabisa.

Ohio walifanya jambo lile lile kwa utaratibu mzuri zaidi. Mwezi wa Mei 1992 taasisi za jimbo hilo zilikuwa na vijana zaidi ya 2,600, wengi kuliko nafasi zilizojengwa. Jimbo lilianza na wilaya tisa mwaka 1994, na mwaka uliofuata mpango ukafika wilaya zote 88. Kila wilaya ilipewa fungu lake la fedha mwanzoni. Ikimpeleka kijana katika taasisi ya jimbo, ilikatwa asilimia 75 ya gharama ya kila siku. Ikimpeleka katika nyumba ndogo ya karibu, ilikatwa asilimia 50. Ikimbakiza kwao, haikukatwa kitu, na fedha zilizobaki zilikuwa zake kwa ajili ya mafundisho, ushauri wa jamaa na uangalizi. Wale waliotenda makosa mazito kama kuua hawakuhesabiwa katika makato hayo, ili hakimu asijaribiwe kumwacha mtu wa hatari mtaani kwa sababu ya senti. Hapo ndipo uhodari wa mpango ulipo: haukumwambia hakimu aamue nini, bali ulifanya bei za njia zote zionekane katika ukurasa mmoja. Katikati ya miaka ya 2010 vijana waliokuwa katika taasisi za Ohio hawakufika 600.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walichunguza vijana wa mpango huo. Ripoti yao ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba wale ambao tangu mwanzo hawakuwa na dalili kubwa ya kurudia uhalifu walipata mafanikio zaidi walipoachwa kwao, na walipopelekwa katika taasisi walirudia makosa zaidi. Wale wa hatari kubwa ndio waliofaidiwa na taasisi. Yaani kuweka wote mahali pamoja ni hasara mara mbili: fedha huliwa na mtoto huharibika.

Kwa nchi nzima, hesabu ya siku moja mwaka 2000 ilikuta vijana zaidi ya 108,000 katika vizuizi na taasisi. Mwaka 2019 walikuwa chini ya 37,000, na mwaka 2020, mwaka wa ugonjwa wa korona, walikaribia 25,000. Si haki kuyapa mafungu ya fedha sifa yote. Uhalifu wa vijana wenyewe ulipungua sana tangu katikati ya miaka ya 1990, na korti isiyoletewa watoto haina wa kufunga. Tena sharti la nne, lile la rangi, ndilo lililotimia kidogo kuliko yote. Hesabu za mwaka 2021 zilionyesha kwamba kijana mweusi alikuwa katika hatari ya kuzuiliwa zaidi ya mara nne kuliko kijana mweupe. Fedha ziliwatoa wengi, na waliobaki ndani walizidi kufanana rangi. Labda sababu mojawapo ni kwamba sharti la kumtoa mtoto katika jela mkaguzi aweza kulipima kwa kuhesabu vitanda, lakini sharti la rangi lilitaka majimbo yaonyeshe juhudi, na juhudi huandikwa kwa urahisi katika ripoti.

Kuna na jambo la vitanda vyenyewe. Wilaya za California, zilipoachiwa mzigo ambao jimbo lilikuwa likiubeba, ziliachiwa pamoja na fedha zake, lakini fedha hazikuwa zimejenga nyumba nzuri wala kupata walezi wa kutosha. Mwezi wa Mei 2023, kabla idara ya jimbo haijafunga milango, bodi ya jimbo inayokagua vituo iliamua kwamba vizuizi viwili vya watoto vya wilaya ya Los Angeles havifai kukaliwa, na sababu moja kubwa ni wafanyakazi wasiofika kazini. Watoto walihamishiwa kituo kiitwacho Los Padrinos, ambacho kilikuwa kimefungwa tangu 2019 na sasa kikafunguliwa tena kwa haraka. Mwezi wa Oktoba 2024 bodi ile ile ilikikagua kituo hicho, ikaandika kwamba nacho hakifai.